Kilo Mbili na Robo

Baba alisema: nyepesi, Tumpe.
Nyepesi mpaka fundi uone aibu.

Nami nikamletea mninga.
Nilidhani heshima hupimwa kwa uzito,
kwamba mtu aliyetunza reli Mlimba hadi Makambako
humpi meza ya kupeperuka.
Akaugonga kwa kifundo cha kidole, mara moja.
Huu kawauzie watengeneza majeneza.

Tukaanza upya:
paini ya Mufindi, bado inanuka utomvu,
plaiwudi ya milimita nne,
na lile povu jeupe lililokuja limekumbatia friji ya Gwakisa;
mkewe alikwisha ligeuza ukuta wa banda la kuku,
tukalinunua kwa trei ya mayai, mayai ya kwake mwenyewe.

Vipande vinne, mita moja kwa nusu mita,
kwa sababu mlango wa chumba cha uani ni mwembamba,
na kwa sababu nyingine ambayo hakuitaja.
Sikuuliza. Ilikuwa inaning'inia ubavuni mwake,
mkono wa kushoto, umelala tangu Februari ya mwaka juzi,
kama koti alilowekwa kulishika, mwenyewe hakurudi.

Toboa, alisema.
Nikatoboa mbavu za fremu kwa keekee,
matundu mapana kama mdomo wa kikombe.
Toboa tena.
Vumbi la paini likatuingia kwenye nyusi, kwenye chai.
Mbavu zikabaki kama za samaki aliyekwisha kuliwa.
Itabeba kweli?
Itabeba treni, akasema. Hukai wewe hapo.

Juni ya Iyunga haikaushi gundi.
Ukungu wa Loleza huingia bila hodi,
gundi inaamka asubuhi bado maziwa.
Tukaziweka fremu kando ya jiko la mkaa,
tukizigeuza kama mahindi ya kuchoma,
na usiku mmoja nikasinzia, kona ikaungua.
Alama ipo. Atapanda kichaka hapo, anasema,
hata kwenye njia halisi palikuwa na mahali paliungua.

Taruma la zege, aliniambia huku akisugua msasa,
lilitaka watu sita na sauti moja.
Mmoja akikohoa, watano wanajua mgongoni.
Akataja uzito wake, kilo kwa kilo,
kama mtu anavyotaja tarehe aliyozaliwa mwanawe,
kisha akapuliza vumbi, akaendelea na msasa.

Kazi ngumu ilikuwa kuunganisha.
Pini za shaba, bolti mbili, nati zenye masikio
ambazo vidole vitano vinaweza kuzifungua.
Vipande vikipishana kwa unene wa ukucha
behewa linalala chali bondeni.
Nilikosea mara mbili, mara ya pili nikatukana.
Mara ya tatu vikaingiana: tk.
Baba akafumba macho. Rudia, akasema,
nikavivuta, nikavirudisha. Tk.

Jumamosi nikaazima mizani ya Subilaga, ya viazi.
Akatufuata nayo mpaka uani ajionee.
Mzee Andongwisye, mnanipimisha hewa?
Mshale ukatikisika, ukatulia:
kilo mbili na robo.

Subilaga alicheka. Baba hakucheka.
Alikishika kipande kwa mkono wa kulia,
akakibana kwapani, akageuka kiubavu,
akapita mlangoni asiguse kizingiti.
Mimi mikono yangu miwili mbele, mitupu,
inatafuta pa kushika.

Akatoka. Akachukua cha pili.
Treni yenyewe bado. Kuna injini ya kopo la maziwa
isiyo na magurudumu, juu ya kabati, karibu na dawa zake.

Pisha njia, Tumpe.

Nikajibana ukutani
kama tulivyofunzwa utotoni treni ya mizigo ikija,
tumbo ndani, pumzi ndani,
na kama utotoni nikahesabu:
cha pili.
Cha tatu, amepumzika kidogo, amepita.
Cha nne.